Biashara ya vitabu Kagera: wanunuzi wapo, vitabu viko mbali

Anayetaka kununua kitabu Bukoba mjini huanzia steshenari. Humo, katikati ya madaftari, kalamu na mashine ya kudurufu, kuna vitabu vya shule, mitihani iliyopita na kamusi. Maduka ya makanisa yanaongeza Biblia, vitabu vya nyimbo na vya sala. Muleba hali ni hiyo hiyo, ila rafu ni fupi zaidi. Fedha ya vitabu huja Januari shule zinapofunguliwa, ikarudi kidogo kahawa inapouzwa. Miezi mingine mwenye duka huendeshwa na kudurufu vyeti na kuchapa barua.

Kitabu cha historia ya Buhaya (nchi ya Wahaya), cha ujenzi wa nyumba au cha kuoka mikate ukikikuta humo ni bahati. Wengi husema ni kwa sababu watu hawasomi. Sikubaliani nao, na rafu ya historia ndiyo ushahidi wangu wa kwanza.

Eneo hili limeandikwa zaidi kuliko mikoa mingi ya Tanzania. Francis Xavier Lwamgira alitoa *Amakuru ga Kiziba*, historia ya ufalme wa Kiziba, kwa Kihaya mwaka 1949. Miaka 20 baadaye kitabu hicho kikatafsiriwa kwa Kiingereza huko Makerere. Israel Katoke aliandika historia ya ufalme wa Karagwe. Bengt Sundkler, Msweden aliyekuwa askofu wa Kilutheri hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika *Bara Bukoba*, na Askofu Josiah Kibira akaandika juu ya kanisa na ukoo. Mwaka 1978 Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, alichapisha utafiti wake wa Buhaya, ikiwemo Katuruka, ambako mabaki ya uyeyushaji chuma yana umri wa karibu miaka 2,000. Karibu vyote hivyo ama vimekwisha sokoni ama vinauzwa ng'ambo kwa bei ya maktaba za vyuo vikuu. Mjukuu wa waliosimulia habari hizo anakutana nazo kwenye nakala iliyodurufiwa mara ya tatu, maandishi yamefifia.

Kinachokwamisha ni njia ya kufikisha mzigo. Dar es Salaam, kwenye wachapishaji wakubwa, ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Njia nyingine ni kupitia Mwanza na kuvuka ziwa kwa meli. Kampala, kupitia mpaka wa Mutukula, ni kama kilomita 300 tu. Kitabu ni kizito na faida yake ni ndogo, na mwenye steshenari hununua kwa fedha taslimu, kisichouzwa kikabaki mikononi mwake. Angepewa mali kauli, akalipa baada ya kuuza, angethubutu kuweka rafuni hata kile ambacho hakimo kwenye mtaala. Asipopewa, hakuna haja ya kumlaumu kwa kuchagua kitabu cha hesabu cha darasa la nne.

Kagera yenyewe imewahi kuchapisha. Tanzania Educational Publishers, kampuni ya vitabu iliyojenga jina kwa vitabu vya shule, ina makao yake Bukoba na si Dar. Pius Ngeze, mwanasiasa na mwandishi wa vitabu vingi vya kilimo, mwaka 1994 alitoa kitabu cha Kiingereza kuhusu migomba na utunzaji wake. Aliyekichapisha ni ushirika wa waandishi na wachapishaji wa Kagera. Hilo linanigusa sana: watu waliozoea kuuza kahawa kwa ushirika walijaribu kuuza maarifa kwa njia ile ile. Lakini uchapishaji wa kanda hii, kama wa nchi nzima, uliegemea mno shule. Serikali ilipokabidhi kazi ya vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu Tanzania katika miaka ya 2010, wachapishaji binafsi walipoteza mnunuzi wao mkubwa. Ndiyo maana naona sasa ni wakati wa kumtazama msomaji aliyemaliza shule.

Fundi ujenzi ni mmoja wa wasomaji hao. Tetemeko la ardhi lililoikumba Kagera Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi, na majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya. Nyumba nyingi za matofali zisizofungwa kwa nondo zilipasuka. Kitabu chembamba cha Kiswahili, chenye michoro, kinachoonyesha msingi, nguzo za pembeni na mkanda wa zege juu ya kuta, kingenunuliwa na fundi na mwenye nyumba pia. Sura moja iwe ya msonge, nyumba ya Kihaya ya miti na matete iliyoezekwa nyasi hadi chini, maana wanaojua kuijenga wanazidi kupungua na vijana wengi wameiona Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, au hawajaiona kabisa.

Kwa waokaji biashara ya maarifa imeshaanza, ila si ya karatasi. Keki za harusi, kipaimara na komunyo ya kwanza zinalipa, na mafunzo yanauzwa katika makundi ya WhatsApp: unatuma hela kwa simu, unatumiwa mapishi. Mengi yamenakiliwa kutoka nchi za watu, yakiwa na vipimo vya gramu na jiko la umeme, wakati mwokaji wa Kamachumu ana kikombe, sufuria na mkaa juu na chini. Anahitaji pia hesabu: unga, mafuta, mkaa na muda wake vimegharimu kiasi gani kabla hajataja bei, na afanye nini apate alama ya ubora ya TBS. SIDO, shirika la viwanda vidogo, hufundisha mambo ya namna hiyo. Maelezo yake yakiwekwa kitabuni, pamoja na majaribio ya unga wa ndizi, vikundi vya akina mama vinavyoomba mkopo wa halmashauri vingekuwa wateja wa kwanza.

Desemba, Wahaya wa Dar na Mwanza hurudi nyumbani kwa Krismasi wakiwa na fedha mkononi na watoto wasiojua ukoo wao. Mashine za kidijitali siku hizi zinachapa nakala 200 bila kudai 3,000. Mchapishaji atakayepata ruhusa ya warithi, akamtoa Lwamgira kwa Kiswahili na kuzigawa nakala kwa mali kauli kuanzia Mutukula hadi Muleba kabla ya mabasi ya Desemba kuwasili, atazirudisha gharama zake ndani ya msimu mmoja.