KIDONGE CHA UTULIVU NA BREKI YA UBONGO

Askari amekesha lindoni usiku kucha, na asubuhi usingizi wamkataa. Mwenzake ampa kidonge cha diazepamu. Je, kidonge hicho hufanya kazi gani kichwani?

Ubongo una breki yake wenyewe. Nayo ni kemikali iitwayo GABA, iliyogunduliwa ubongoni mwaka 1950. GABA hushika vipokezi vya chembe hai za neva kama ufunguo katika kufuli; kijilango hufunguka, ayoni za kloraidi huingia, na chembe hutulia. Mwaka 1977 wataalamu wa Denmark na Uswisi walionyesha kwamba diazepamu nayo ina mahali pake maalumu pa kushika. Mwaka 1978 ikadhihirika kwamba GABA ikiongezeka, kipokezi huikamata dawa hiyo kwa nguvu zaidi. Basi diazepamu haifungui mlango peke yake, huisaidia GABA. Lakini dawa za zamani za jamii ya babituretu, zikizidi kipimo, hufungua mlango hata pasipo GABA. Ndiyo maana ziliwakata wengi pumzi.

Hata hivyo, mtu asidanganyike. Pombe nayo hukaza breki hiyo hiyo. Ikichanganywa na kidonge, pumzi yaweza kukoma. Tena, kwa anayemeza kila siku kwa majuma mengi, vipokezi huizoea dawa. Akiiacha ghafula, hutetemeka, hata hushikwa na kifafa. Apunguze kidogo kidogo kwa shauri la daktari.

Basi, ndugu askari, kidonge kipokee kwa mganga, si kwa mwenzako wa zamu. Na aliyekimeza asishike bunduki wala usukani.