Tuandike Nini Wiki Hii?
Nasaha kwa kina mama na kina dada wa Fedha walioshika kalamu



Liko swali ambalo haliachi kumjia kila anayeiandikia jamii yake, na kina dada wetu wa mtaa wa Fedha, jijini Nairobi, nao linawahusu. Husema mwandishi moyoni mwake: habari za Ramadhani tumekwisha kuandika, malezi tumeandika, mavazi na mapishi pia tumeandika, sasa tuandike nini? Na hata tukiandika, ni nani atakayesoma?

Wala si swali jepesi. Fedha iko Embakasi, kando ya barabara ya Outer Ring, si mbali na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Familia zilizotoka Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale zikifika huko, hukaa katika majumba ya ghorofa pamoja na majirani wa kila kabila na kila dini. Kule Mji wa Kale jirani hupata habari za jirani barazani au uchochoroni. Ghorofani mlango ukishafungwa umefungwa, na mama aweza kumaliza mwaka asijue jina la anayeishi juu ya dari yake. Watoto huzungumza Sheng shuleni, na Kiswahili cha bibi yao hukisikia wakati wa likizo tu. Kwa mama huyo, karatasi inayomfikia kila wiki ndiyo baraza iliyosalia. Akiifungua mara tatu na asikute ndani yake jambo linalomhusu, mara ya nne ataifungia mahamri. Ndiyo maana tunaona si haba kulitafakari jambo hili kwa utulivu.

Waliotutangulia waliandika nini?

Pwani yetu haikuanza leo kuandika, na katika mwenendo wa waliotutangulia mna mafunzo ya kutosha.

Tumtazame kwanza Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliyetunga utendi wake mashuhuri yapata mwaka 1858 hali akiwa mgonjwa. Hakuketi akajiuliza namna ya kuupendeza ulimwengu mzima. Alikuwa na binti, na alitaka kumwachia wasia. Aliuelekeza usemi wake kwa msikilizaji mmoja anayemjua tabia na mahitaji, na kwa sababu hiyo utendi ule umesomwa na maelfu ya watu hadi hivi leo, wakiwamo wanaoukubali na wanaobishana nao. Anayewaandikia watu wote kwa pamoja mara nyingi huishia katika maneno ya jumla yasiyomgusa yeyote.

Kabla yake, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, aliyatia katika mashairi mambo ya mji wake: vita na siasa, mapenzi, dhiki na neema. Watu walimsikiliza kwa kuwa waliyakuta mambo yao katika kauli yake.

Kisha tumtazame Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Katika zama zake wanavyuoni wengi waliona kwamba mambo mazito ya dini yaandikwe kwa Kiarabu. Yeye aliyaandika kwa nathari ya Kiswahili, lugha iliyosikika sokoni na jikoni, na mada zake zikawa ni zile zilizokuwa zikiwasumbua watu majumbani mwao: elimu ya wasichana, israfu ya harusi na matanga, kuiga mambo ya wageni bila kupima. Baadaye, mwaka 1937, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na makala zake za Sahifa zikakusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Sheikh hakukosa la kuandika, kwani mji wenyewe ulimletea mada kila kukicha.

Mada zi jikoni na ngazini

Tukirudi Fedha, tutaona kwamba mada hazikuisha. Kilichokwisha ni zile tulizozoea kuazima kwingine. Tutoe mifano michache.

Familia nyingi za pwani zilizohamia Nairobi hupenda kufungulia redio ya nyumbani kwao wakati wa kufuturu. Lakini jua huzama Mombasa kabla ya kuzama Nairobi, kwa kuwa Mombasa iko mashariki zaidi. Tofauti yenyewe hubadilika kwa misimu: mwezi wa Disemba ni kiasi cha dakika 6 au 7, na mwezi wa Juni huzidi dakika 15. Mtu wa Fedha atakayefungua kwa adhana ya Mombasa atakuwa amefungua jua lingali juu. Hilo ni jambo la ibada, linamhusu kila mwenye nyumba, na mwandishi anaweza kulieleza kwa ukurasa mmoja baada ya kulinganisha ratiba za sala za miji miwili na kumuuliza imamu wa msikiti wake. Waliokwisha kuandika mara ishirini juu ya fadhila za funga huenda hawajawahi kuligusia.

Mfano wa pili u katika chungu. Mama aliyezoea kupika mbaazi za nazi Mombasa hushangaa kuona mbaazi zile zile zikichelewa kuiva Embakasi, akadhani ameuziwa za zamani. Sababu ni mwinuko. Embakasi iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100 za pwani. Ndiyo maana mbaazi na maharage huhitaji muda zaidi, au kurowekwa usiku kucha, au sufuria ya presha. Makala ya namna hiyo humpunguzia mama gharama ya gesi, na atamwonyesha jirani yake hata kama jirani huyo si Mwislamu.

Mfano wa tatu ni kalenda. Watu husema Ramadhani ni ile ile, mada yake imechakaa. Lakini mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 10 au 11, basi Ramadhani haiishi kuhama. Mwaka 2004 iliangukia Oktoba na Novemba, msimu wa mitihani ya kitaifa, na mwaka 2024 ikaingia Machi. Mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Kila kuhama huko huleta maswali yake: mtoto anayefunga kwa mara ya kwanza siku za masomo, bajeti ya futari na karo kukutana mwezi mmoja, baridi ya Julai au joto la Februari.

Na ngazini je? Kuishi ghorofani kuna adabu zake ambazo vitabu vya mabibi zetu havikuzitaja kwa jina. Kutwanga kinu wakati wa daku juu ya kichwa cha jirani aliyelala. Nguo zilizoanikwa zikidondosha maji kwenye baraza la chini. Maji ya mgao yanapokuja, nani ajaze mitungi kwanza. Haki ya jirani ni mlango mpana katika dini yetu, na ghorofa imetuletea mas-ala yake mapya kila siku.

Wazee nao wasisahauliwe. Bibi akipanda treni ya Mombasa, iliyoanza safari zake mwaka 2017, hushukia Syokimau, mwendo mfupi kutoka Embakasi. Wiki mbili atakazokaa kwa mwanawe ni hazina. Mwandishi amwendee na maswali matatu tu: harusi yako ilikuwaje, dawa gani mlitumia kabla ya hospitali kufika, na neno gani ulilisema utotoni ambalo wajukuu hawalijui tena. Majibu hayo yatatosha makala tatu, na wajukuu watasoma kwa kuwa aliyetajwa ni bibi yao.

Msomaji huvutwaje?

Mwalimu wetu wa kwanza katika jambo hili na awe ni kanga. Mwanamke wa pwani aingiapo dukani hutazama pambo, kisha husoma jina. Maneno hayo ni machache, lakini humfanya atabasamu, au amkumbuke mtu, au ajiulize nani amekusudiwa. Kichwa cha makala kifanye kazi hiyo hiyo. "Umuhimu wa Muda katika Ibada" ni kichwa kisichomsimamisha mtu. "Usifungue kwa Adhana ya Mombasa" kitamsimamisha hata aliyeshika mtoto. Lakini kichwa kisiahidi lisilokuwamo, maana muuzaji anayesifia kanga inayochuja huuza mara moja tu.

La pili, jambo liingie mapema. Msomaji wetu anasoma akingojea chai ichemke au gari la shule lifike. Ukimzungusha kwa dibaji ndefu, chai itafurika naye atakuacha. Makala moja ibebe jambo moja. Yakiwa mawili, la pili ni la wiki ijayo.

La tatu, msomaji apewe nafasi ya kujibu. Watu wetu wana mila ya kale ya kujibizana kwa mashairi na kufumbiana mafumbo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, liliijua siri hiyo: lilifungua kurasa zake kwa barua na mashairi ya wasomaji, na aliyeona shairi lake limechapishwa alilitafuta gazeti kila mwezi. Karatasi ya Fedha nayo ihifadhi pembe moja ya barua, kitendawili cha watoto na jibu lake wiki inayofuata, au shairi la beti mbili linaloomba kujibiwa. Mtoto aliyepata jibu sahihi ataileta karatasi mwenyewe hadi mezani kwa mamake.

La nne ni kutimiza miadi. Karatasi inayotoka Alhamisi itoke Alhamisi, ili Ijumaa iwe na jambo la kuzungumzwa baada ya sala. Na kwa wazee wasioona vizuri, au mama ambaye mikono yake i katika unga, makala isomwe kwa sauti na kurekodiwa kwa simu. Fasihi yetu ilisikika kwa masikio kabla ya kusomwa kwa macho.

Mpaka usiovukwa

Hapa twataka kusema kwa uzito. Njia ya haraka ya kupata wasomaji inajulikana: andika habari za ndoa iliyovunjika ghorofa ya tatu, na jengo zima litasoma kabla ya Magharibi. Wasomaji watapatikana, lakini amana itakuwa imepotea. Suratul Hujurat, iliyotuamrisha kuhakikisha habari tunayoletewa, ndiyo hiyo hiyo iliyotukataza kusengenyana, na ikaifananisha ghiba na kula nyama ya ndugu aliyekufa.

Kuficha jina pekee hakutoshi. Katika jengo lenye familia nne za Kiislamu, ukiandika "mama mmoja mwenye watoto mapacha" umekwisha kumtaja. Kwa hiyo, kisa cha mtu kisiandikwe ila kwa idhini yake. Na akikubali leo, aulizwe tena kabla hakijachapishwa, kwani hasira za Jumatatu huenda zimepoa Jumatano. Liache tukio, chukua swali lililomo ndani yake: haki za mke katika matumizi, adabu ya kupatanisha, mlango wa kadhi uko wapi. Kwa namna hiyo mwenye shida atajisoma na kufaidika, wala hapana atakayemnyooshea kidole. Mambo ya fatwa, dawa na sheria nayo yapelekwe kwa wenye elimu yake kabla ya kuandikwa.

Mwanamke akiona siri za wenzake zimehifadhiwa, ndipo ataleta swali lake mwenyewe. Na hayo maswali yanayoletwa kwa siri, kwa sauti ya chini, baada ya darsa au mlangoni wakati wa kuagana, ndiyo mada zisizokauka. Karatasi inayoaminiwa haikosi la kuandika.

Daftari moja dogo

Basi nasaha yetu kwa dada wa Fedha ni nyepesi. Aweke daftari dogo karibu na jiko. Kila swali atakaloulizwa na mtoto, jirani, fundi au mama mkwe, aliandike kama lilivyotamkwa, pamoja na tarehe. Mwisho wa wiki alifungue, achague swali lililojirudia, amtafute anayelijua, kisha aandike kana kwamba anamjibu yule mmoja aliyeuliza. Akiwa na wenzake watatu, wagawane: mmoja wazee, mmoja watoto, mmoja matumizi ya nyumba, mmoja mas-ala ya ibada. Mzigo utakuwa mwepesi na sauti zitakuwa nyingi.

Asihesabu wasomaji kwa idadi ya karatasi zilizogawiwa. Ahesabu maswali yaliyorudi. Wiki moja likirudi swali moja na wiki ya pili yakirudi mawili, basi baraza limeanza kukaliwa, ijapokuwa liko ghorofa ya tano.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka kalamu zao, azijaalie ndimi zetu kusema yenye kheri, na azihifadhi nyumba zetu na sitara zake. Amin.