Kemia kwa Vitendo: Choya, Limau na Magadi

Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mtahiniwa wa kemia huwekewa pipeti, bureti na miyeyusho, kisha hutakiwa kupima kwa mikono yake mwenyewe. Kijana aliyekariri kanuni pasina kugusa chombo hutetemeka siku hiyo, si kwa uchache wa akili, bali kwa ugeni.

Mkoa wetu wa Pwani una historia ya elimu ya vitendo. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likiunganisha elimu, afya na kilimo. Hata hivyo, si kila shule ya Kibaha au Kisarawe yenye maabara iliyotimia. Je, tukae tukingoja? La.

Ndugu mzazi, roweka choya kavu katika maji ya moto, uchuje, ugawe katika glasi tatu. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili ikamulie limau, wekundu utakolea. Ya tatu itie magadi yaliyoyeyushwa. Wekundu utatoweka na rangi itaelekea kijani. Kabla ya kueleza sababu, muulize mwanao ameona nini.

Kisha, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, adondoshe maji ya limau katika glasi ya tatu, akihesabu mililita hadi wekundu urejee. Asidi ya limau imebatilisha alkali ya magadi, na povu lile ni kaboni dayoksaidi. Kazi hiyo ndiyo ya bureti. Neno alkali lenyewe lina asili ya Kiarabu, likihusu majivu ya mimea.

Muhogo wa Kisarawe nao una somo lake: tone la iodini ya duka la dawa juu ya kipande kibichi hugeuka buluu iliyokoza hadi weusi, dalili ya wanga. Juu ya sukari halibadiliki hivyo.

Tahadhari: tindikali ya betri isichezewe nyumbani. Dawa ya madoa yenye klorini isichanganywe na limau wala siki, kwani hutoa gesi ya sumu. Kilichofanyiwa jaribio kisiliwe wala kisinywewe.

Nanyi walimu, glasi moja kwa wanafunzi wawili yafaa kuliko darasa zima kumtazama mtu mmoja. Kwa miaka mingi, kidato cha tatu ndipo vijana wengi walipoiacha kemia, na pamoja nayo udaktari na ufamasia. Tuwape choya na limau kabla hawajafika hapo.