Majira Matano ya Mstaafu wa Makomeno

Mzee aliyestaafu katika kisiwa cha pwani, awe wa Lamu, wa Pemba au wa Mafia, hauhesabu mwaka kwa karatasi iliyotundikwa ukutani bali kwa pepo: kaskazi ivumapo hujua kuwa jua limekuwa kali na bahari imetulia, na kusi ishikapo zamu hujua kuwa mawimbi yamevimba na wavuvi hawana budi kukaa ndani ya mwamba. Mstaafu wa Makomeno, mtaa wa mji wa Lubumbashi katika jimbo la Haut-Katanga, hana bahari ya kutazama, kwani mji wake umekaa juu ya uwanda wa kadiri ya meta 1,200, na kutoka hapo hadi ufuko wa Bahari ya Hindi ni safari ipitayo kilometa elfu moja. Hata hivyo, upepo ule ule wa kusini-mashariki ambao watu wa pwani huuita kusi humfikia yeye pia, baada ya kupanda bara na kuuacha unyevu wake njiani juu ya milima na nyanda, ukamjia mkavu na wa baridi asubuhi za Juni, akajifunika sweta na kusogea karibu na mbabula, jiko lake la makaa.

Ili kumfahamu mtu huyu, sharti kwanza kuufahamu mji uliomlea. Lubumbashi, uliojulikana kwa jina la Elisabethville hadi mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule ambao reli iliufikia kutoka kusini. Na mwaka 1911 tanuri lake likayeyusha shaba kwa mara ya kwanza. Tangu hapo maisha ya watu wengi yaliongozwa na mlio wa king'ora na ratiba ya garimoshi, wala si na mawingu: zamu ilianza saa ile ile kiangazi na masika, posho ya unga ilitolewa siku ile ile, na mtu aliweza kufanya kazi miaka thelathini bila ya kuulizwa hata mara moja mvua ya kwanza ilinyesha lini. Kisha kazi ikafika kikomo. Kwa wengine ilifika kwa umri, na kwa wengine ilifika kabla ya umri, kwa maana mwaka 2003 Gécamines, kampuni kubwa ya migodi ya serikali, ilianza kuwaaga wafanyakazi wake zaidi ya elfu kumi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hivyo mji ukajaa watu ambao iliwapasa kujifunza upya namna ya kuhesabu siku, na ambao riziki yao ilihama kutoka katika bahasha ya mshahara ikaenda katika udongo wa uani.

Profesa François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kuandika kitabu kikubwa juu ya vyakula vya msitu, kilichochapishwa mwaka 1997, aliugawa mwaka wa nchi hii katika majira matano: kiangazi cha baridi, tangu Mei hadi Julai, kiangazi cha joto, Agosti na Septemba, mvua za mwanzo, Oktoba na Novemba, masika kamili, Desemba hadi Februari, na mvua za mwisho, Machi na Aprili. Mgawanyo huu ni wa kitaalamu, lakini mzee yeyote anayelima kiwanja chake angeukubali bila ya mjadala, maana ndio anaouishi.

Katika kiangazi cha baridi kipimo cha joto hushuka usiku chini ya digrii 10, na mstaafu hatoki nje mpaka jua limepanda. Mahindi yamekwisha kuvunwa, yamekauka, na yanasubiri kinu. Bukari, ndio ugali, ni tele, na sombe, ndiyo kisamvu, bado ina majani. Huu ndio wakati wa kukarabati paa, wa kuzuru jamaa, na kwa wengi wa kwenda kuulizia malipo ya uzeeni, ambayo mara nyingi huchelewa. Na ni haki yao kuyaulizia, kwani waliyatolea jasho.

Agosti hugeuza mambo. Joto hupanda, vumbi hutanda, moshi wa mioto ya nyika huonekana kila upande wa mji, na mwewe wahamao hurejea angani. Hapo ndipo msitu wa miombo, ule msitu wa wazi unaozunguka Lubumbashi na kuenea hadi Zambia na Tanzania, hufanya jambo ambalo mimi naliona kuwa ni katika maajabu makubwa ya bara letu: miti yake, kabla ya tone moja la mvua kuanguka, hutoa majani mapya mekundu, kana kwamba vuli ya nchi za Ulaya imerudi kinyumenyume. Miti hiyo hutumia maji iliyoyaweka akiba katika mizizi ishukayo chini sana, na ule wekundu huaminiwa kuyakinga majani machanga hadi yakomae na kuwa kijani. Mjini nako mijakaranda huchanua, na barabara hutandikwa maua ya zambarau. Mstaafu aonapo rangi hizi mbili hunoa jembe lake.

Mvua za mwanzo huja na ngurumo, na jioni yake kumbikumbi huruka kwa maelfu kuelekea taa, na watoto huwakusanya katika beseni za maji ili wakaangwe. Mahindi hupandwa mara moja, uani, kando ya njia na kila penye nafasi ya hatua chache; masuku, yale matunda matamu ya porini, hufika sokoni; na viwavi wanaoliwa huanza kushuka kutoka mitini. Kisha huja bowa, ndio uyoga, na hapa msomaji aniruhusu nikae kidogo.

Bowa wa Katanga ni wa namna nyingi, lakini kwa asili yao waweza kugawanywa mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni la wale waotao katika vichuguu: mchwa huwalima chini ya ardhi kwa majani na vijiti walivyovitafuna, na mvua inyeshapo uyoga hujitokeza juu, mwingine mdogo kama kifungo, na mwingine, ule uitwao na wataalamu Termitomyces titanicus, kofia yake ikipanuka hadi kukaribia meta moja. Fungu hili laweza kumfikia mstaafu hata nyumbani, maadamu hajakibomoa kichuguu kilichomo katika kiwanja chake. Fungu la pili ni la wale waishio kwa ushirika na mizizi ya miombo yenyewe, nao ni uyoga wa manjano na wale weupe wenye kofia pana wanaouzwa kwa vibakuli kandokando ya barabara ya Likasi. Uyoga huu huupa mti maji na chumvi za ardhini, na mti huupa uyoga sukari yake. Hakuna mkulima awezaye kuupanda katika bustani, na penye kukatwa mti, nao hutoweka.

Ndiyo maana mstaafu anayekumbuka alikookota bowa zamani ni shahidi wa maana. Mji hupika kwa makala, ndiyo makaa, na wachoma makala huzidi kwenda mbali mwaka hadi mwaka kutafuta miti. Na yako maangamizo ya zamani zaidi: moshi wa tanuri la shaba, uliobeba salfa na madini mazito, ulisukumwa na upepo ule ule wa kusini-mashariki kwa miongo mingi, ukaua msitu upande wa kaskazini-magharibi wa bomba lake la moshi, hata mahali paitwapo Penga Penga pakabaki ardhi tupu. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu wamejaribu kuifunika ardhi hiyo kwa majani mafupi ya jamii ya Microchloa yawezayo kustahimili shaba, pamoja na miti iliyopandwa katika mashimo yenye udongo mpya. Ni kazi njema, lakini ni ya polepole mno.

Masika kamili yana uzito wake. Januari na Februari akiba ya unga hupungua, njia hujaa matope, na malaria huzidi; mzee hushinda barazani akitazama mahindi yake yakirefuka. Faraja huja Machi, mahindi mabichi yachomwapo juu ya mbabula, na jirani apitapo hukaribishwa kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachotiwa mizizi ya porini. Aprili mvua hukatika, nyasi hugeuka rangi ya dhahabu, na mwaka huanza tena.

Msitu wa miombo una sifa moja itupasayo kuitumia: mti uliokatwa huchipua tena kutoka kisikini, ikiwa hautachomwa moto wa mwisho wa kiangazi, ambao hudhuru zaidi kuliko moto wa mwanzo wake, na ikiwa shina halitang'olewa kwa ajili ya shamba. Basi wenye mamlaka ya mji wayatenge mapori yaliyobaki karibu na Lubumbashi yapumzike na kuchipua. Na wewe msomaji, uliye na baba au babu mstaafu nyumbani, uketi naye Novemba hii, umwulize ni bowa gani aliowaokota, chini ya mti gani, na mahali gani, kisha uyaandike majibu yake yote katika daftari.