Baruti, Fataki na Majaribio ya Usalama: Mtazamo kutoka Migori na Homa Bay

Neno baruti liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nalo limebebeshwa mzigo mkubwa. Mzungumzaji huliita baruti karibu kila kitu kilipukacho, kuanzia unga wa bunduki hadi vijiti vya kupasulia miamba. Fataki nalo halina nafuu: ni kile kidude cha kuwashia baruti ndani ya risasi, na pia ni mapambo ya moto yarushwayo angani mkesha wa Mwaka Mpya. Katika mazungumzo, muktadha hutosha kupambanua maana. Ghalani hautoshi.

Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana kuviainisha vilipuzi kwa tarakimu na herufi. Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa shehena za hatari yalichapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1956, na mwongozo wa majaribio ukafuata mwaka wa 1984. Wataalamu wa nchi mbalimbali hukutana Geneva kulinganisha matokeo ya maabara zao, maadamu kilipuzi kilichopimwa nchi moja hushushwa bandarini katika nchi nyingine.

Baadhi ya majaribio ni sahili. Uzito maalumu huangushwa juu ya chembe za kilipuzi ili kujua ni kishindo kipi kitakachokilipua. Jingine ni la moto: masanduku hupangwa juu ya kuni, yakazungukwa pande tatu na mabamba ya alumini umbali wa mita nne, kisha kuni zikawashwa. Mabamba yakitobolewa, kuna vipande vilivyoruka. Rundo zima likilipuka kwa mpigo mmoja, kilipuzi huwekwa daraja la 1.1, lililo kali zaidi. Chenye hatari ndogo huwa 1.4. Ikumbukwe kwamba kinachopimwa hapa si kemikali pekee, bali kemikali pamoja na sanduku lake.

Gharama ya kukosea daraja ilidhihirika Enschede, Uholanzi, tarehe 13 Mei 2000. Ghala la fataki lililipuka likaua watu 23, wanne kati yao wakiwa wazimamoto. Sehemu ya shehena ile ilikuwa imetangazwa kuwa ya daraja hafifu kuliko nguvu yake halisi. Baadaye Umoja wa Mataifa uliweka jedwali la kuainishia fataki ambazo hazijapimwa.

Je, haya yanaihusu vipi Migori? Dhahabu ya Macalder ilichimbwa tangu enzi za ukoloni, na hadi leo wachimbaji wadogo wa Nyatike na Kuria hushuka mashimoni. Jirani yao Homa Bay huchimba mawe ya ujenzi. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, hudai kibali cha kununua, kuhifadhi, kusafirisha na kutumia baruti, na fataki za sherehe zimo humo humo.

Mapendekezo yale huchapishwa katika lugha sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili si mojawapo. Mchimbaji hukutana na herufi tu: B kwa viwashio, D kwa vilipuzi vikuu, navyo havipaswi kulala ghala moja. Tena herufi hizo ziko ubavuni mwa sanduku. Pindi vijiti vinapotolewa na kutiwa guniani pamoja na viwashio vyake, lile sanduku lililopimwa limebaki nyuma, na kilichomo guniani kimerudia jina moja: baruti.