Ofisi Ikihama Wizara, Mwananchi Asipotee Njia

Watu wa Busia na Malaba walihamishwa serikali zamani pasipo hata mmoja wao kufunga mzigo. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda, ambalo lilifika hata Naivasha, lilitiwa chini ya Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mashamba yalibaki pale pale. Kilichobadilika ni mlango wa kupeleka shauri.

Jambo la namna hiyo, ingawa ni dogo zaidi, limeipata mara nyingi ofisi inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Yafaa wasomaji wetu walijue, kwa maana wengi huenda huko kuandikisha vikundi, au kutafuta msaada wa wazee na yatima.

Katika siku za ukoloni kazi hii ilikuwa na idara yake. Chini ya idara hiyo chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952. Mwaka 1954 Bwana B. A. Ohanga wa Nyanza alifanywa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, akawa Mwafrika wa kwanza kupewa uwaziri katika Kenya. Baada ya Uhuru kazi hiyo iliunganishwa mara na mambo ya wafanyakazi, mara na mambo ya utamaduni. Mwaka 2008 ilitiwa pamoja na mambo ya jinsia na watoto, na idara ya watoto ikatolewa katika Wizara ya Mambo ya Ndani ili ijiunge nayo. Mwaka 2013 zote mbili zikapelekwa katika Wizara ya Kazi. Mwaka 2025 zikatengana tena: watoto wakaenda katika Wizara ya Jinsia, Utamaduni na Huduma za Watoto, na maendeleo ya jamii yakabaki katika Wizara ya Kazi na Ulinzi wa Jamii.

Msomaji atauliza: mimi mkulima, hayo yanihusu nini? Na tumfikirie bibi mmoja mwenye umri wa miaka 75, akaaye karibu na Malaba, anayelea wajukuu wawili waliofiwa na wazazi. Katika mpango wa Inua Jamii mzee aliyetimiza miaka 70 hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Shauri lake yeye mwenyewe liko katika wizara moja; shauri la ulinzi wa wajukuu wake liko katika nyingine. Nyumba ni moja na sufuria ni moja, lakini majalada ni mawili. Jalada moja likipotea siku ya kuhama, bibi huyo atalipa nauli mara mbili au tatu, na kila mara ataambiwa arudi kesho.

Tena, wenyeji wa mpakani wamehamishwa kwa njia nyingine pia. Mwaka 1995 Wilaya ya Teso ilikatwa kutoka Wilaya ya Busia, makao yake yakawa Amagoro. Mwaka 2013 pande hizo mbili ziliunganishwa katika Kaunti ya Busia. Tangu hapo ziko serikali mbili, ya taifa na ya kaunti, na kila moja ina kazi zake. Shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na mahali pa kulelea watoto wadogo ni kazi ya kaunti. Msaada wa Inua Jamii na kuandikisha vikundi ni kazi ya Serikali ya taifa. Mtu asiyejua tofauti hiyo anaweza kupanga foleni asubuhi nzima katika mlango usio wake.

Serikali ina haki ya kupanga wizara zake, na huenda ziko sababu njema za kufanya hivyo. Lakini wajibu wa ofisi hauhami pamoja na kibao cha mlangoni. Kwa hiyo tuna neno kwa makarani. Ofisi inapokabidhiwa, yaandikwe majalada yote moja moja katika orodha, atie sahihi anayetoa na anayepokea. Na tangazo la mahali papya lisomwe katika baraza la chifu, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, kabla ya siku ya kuhama wala si baada yake.

Kwa vikundi tunasema hivi: tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi cha watu 10 au zaidi kina sheria yake ya kukiandikisha. Hati mliyopewa ni mali ya kikundi. Fanyeni nakala mbili; moja akae nayo mwenyekiti, moja mweka hazina. Kila mlipapo ada ombeni stakabadhi. Mkipeleka barua, andikeni tarehe na cheo cha aliyeipokea, ili akija afisa mwingine msianze safari upya.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wizara zitabadilishwa tena, hilo halina shaka. Mwenye karatasi zake mkononi ataulizia mlango mpya uko wapi, aingie, na shauri lake litaendelea pale lilipoachwa.