Wagonjwa Waliopona, Vitanda Visivyoachwa

Hospitali za Uingereza zimejaa watu waliokwisha kupona. Ara Darzi, daktari bingwa wa upasuaji aliyepewa na serikali kazi ya kuikagua Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, aliandika katika ripoti yake ya Septemba 2024 kwamba asilimia 13 ya vitanda vimelaliwa na watu wanaosubiri matunzo ya nje ya hospitali: mtu wa kuja kuwahudumia nyumbani asubuhi na jioni, au nafasi katika makao ya wazee. Daktari amesharuhusu, dawa zimeshafungwa, lakini mzee haondoki kwa sababu huko aendako hakuna wa kumshika mkono akiamka usiku.

Kitanda kisipoachwa, anayefuata hubaki kwenye machela koridoni. Januari 2025 pekee, wagonjwa zaidi ya 61,000 nchini England walikaa zaidi ya saa 12 katika idara za dharura baada ya kuamuliwa walazwe. Magari ya wagonjwa hupanga foleni nje yakisubiri kushusha watu, na upasuaji uliopangwa huahirishwa. Orodha ya matibabu yanayosubiriwa ilifikia milioni 7.77 Septemba 2023, na kushuka kwake tangu hapo kumekuwa kwa taabu.

Kwa hesabu za fedha tu, jambo hili halieleweki. Taasisi ya utafiti ya King's Fund ilikadiria kwamba katika mwaka 2022/23 siku moja ya kitanda cha hospitali ilikuwa na gharama ya pauni 395, yaani karibu pauni 2,800 kwa wiki. Bei ambayo halmashauri hulipia chumba cha mzee katika makao ya kawaida haifiki nusu ya hapo. Nchi inabana mfuko wa matunzo, halafu inatoa maradufu katika mfuko wa hospitali.

Chanzo ni mgawanyo uliofanywa tangu mwanzo. Tarehe 5 Julai 1948 sheria mbili zilianza kazi siku moja. Ya kwanza, ambayo sifa zake zinamwendea Waziri wa Afya wa wakati huo, Aneurin Bevan, iliwapa wananchi wote matibabu bila kulipa mlangoni, gharama zikibebwa na kodi. Ya pili iliziachia halmashauri matunzo ya wazee na watu wenye ulemavu, kwa masharti ya kupima mali ya mhusika. Mgawanyo huo ungalipo. Mwenye saratani hutibiwa bure. Mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, anayehitaji kulishwa na kuogeshwa, kwa kawaida huhesabiwa kuwa anahitaji matunzo, si tiba. Nchini England, akiwa na mali inayozidi pauni 23,250 atajilipia mwenyewe. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu 2010, ingawa bei za vitu zimepanda mwaka hadi mwaka. Akihamia kwenye makao, na nyumba yake haina mwenzi wa ndoa aliyebaki ndani, nyumba nayo huingizwa katika hesabu. Familia nyingi hugundua hayo siku mama yao anapotakiwa kutoka wodini.

NHS yenyewe ilipita katika ukata baada ya 2010. Bajeti yake iliendelea kukua, lakini kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka ukiondoa mfumuko wa bei, wakati kwa miongo mingi ilizoea zaidi ya asilimia 3. Fedha za majengo na mitambo zilihamishwa kulipia matumizi ya kila siku, na Darzi alikadiria pengo la uwekezaji kuwa pauni bilioni 37. Huko King's Lynn, hospitali iliyojengwa kwa zege jepesi imeshikiliwa na maelfu ya nguzo za kuegemeza dari. Pamoja na hayo, hospitali ina jina, ina historia, na hakuna mwanasiasa anayethubutu kusema hadharani kwamba itafungwa. Matunzo hayana mtetezi wa namna hiyo, ndiyo maana kisu huanzia huko.

Hapa ndipo biashara inapoingia. Sehemu kubwa ya matunzo hutolewa na kampuni binafsi, kuanzia mume na mke wenye nyumba ya vyumba 20 hadi makundi makubwa ya wawekezaji. Mnunuzi mkuu ni halmashauri, nayo, ikiwa imepunguziwa ruzuku na serikali kuu, hupanga bei ya chini kadiri iwezavyo. Mwenye makao hufidia kwa kumtoza zaidi anayejilipia. Mamlaka ya ushindani wa soko ilipochunguza mwaka 2017 ilikuta wanaojilipia wakitozwa kwa wastani asilimia 41 zaidi ya bei ya halmashauri, mara nyingi katika nyumba ileile. Mwekezaji anayejua hesabu hujenga kwenye vitongoji vya wenye nacho kusini. Maeneo ya kaskazini-mashariki, ambako wazee wengi hutegemea halmashauri, hubaki na majengo ya zamani na faida nyembamba.

Anguko la Southern Cross mwaka 2011 lilipaswa kuwa funzo la kudumu. Kampuni hiyo, iliyowahi kumilikiwa na Blackstone ya Marekani, ilikuwa na makao takriban 750 na wazee wapatao 31,000. Majengo yaliuzwa, kampuni ikabaki mpangaji katika nyumba zilizokuwa zake, kwa mikataba yenye kodi inayopanda kila mwaka. Halmashauri zilipobana malipo na vyumba vikabaki vitupu, kodi haikusubiri. Makao yakagawiwa kwa waendeshaji wengine. Naamini ni kosa kuruhusu makazi ya mtu wa miaka 90 yawe dhamana katika mchezo wa mikopo, na sijaona hoja ya kiuchumi inayonishawishi vinginevyo.

Gharama kubwa kuliko zote katika biashara hii ni mishahara, na mishahara ni midogo. Mtunzaji anayezunguka majumbani mara nyingi hulipwa dakika anazokaa na mzee tu, huku muda wa barabarani ukiwa juu yake. Duka kubwa la vyakula humlipa vizuri zaidi, bila mzigo wa moyo. Mwaka 2021/22, nafasi takriban 165,000 zilikuwa wazi nchini England. Februari 2022 serikali ikafungua viza kwa watunzaji kutoka nje, na mwaka 2023 zilitolewa takriban 89,000. Wakaja kutoka Nigeria, India, Zimbabwe, na pia Afrika Mashariki. Kenya tayari ilikuwa imesaini makubaliano na London mwezi Julai 2021 ya kuwapeleka wauguzi wake waliokosa ajira.

Watu hao waliziba pengo, na wengi walilipa kwa uchungu. Viza ilimfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, hivyo kulalamika kulihatarisha ukaazi wake. Wapo waliouza shamba au kukopa ili kumlipa wakala, wakafika na kukuta hakuna saa za kazi. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hii, waliohusishwa na wafanyakazi zaidi ya 39,000. Kuanzia Machi 2024, mtunzaji mpya hakuruhusiwa tena kwenda na mwenzi wala watoto wake.

Aprili 2025 kodi ya hifadhi ya jamii anayolipa mwajiri ilipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na kima cha chini cha mshahara kikafika pauni 12.21 kwa saa. Hospitali za umma zilifidiwa kodi hiyo, kampuni za matunzo hazikufidiwa. Mfanyakazi anastahili kila senti ya nyongeza, ila ikiwa halmashauri haipandishi bei, mwenye makao hana pa kuitoa isipokuwa kupunguza watu au kufunga. Pengo linalobaki hubebwa na ndugu. Sensa ya 2021 ilihesabu watu milioni 5 England na Wales wanaotunza mtu bila malipo.

Mageuzi yameahidiwa mno. Tume ya Andrew Dilnot ilipendekeza mwaka 2011 ukomo wa kiasi ambacho mtu atalipa maishani. Sheria ilipitishwa 2014, utekelezaji ukaahirishwa. Serikali ya Boris Johnson ikaufufua kwa ukomo wa pauni 86,000, ukaahirishwa tena, na Julai 2024 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, akaufuta. Sasa kuna tume ya Louise Casey, ambayo ripoti yake ya mwisho inatarajiwa 2028, mwaka uleule uliopangwa kuanza makubaliano mapya ya ujira wa watunzaji, yaliyotengewa pauni milioni 500.

Wakati huohuo mlango wa nje umefungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 mwajiri wa Uingereza hawezi kumwajiri mtunzaji mpya kutoka ng'ambo. Anayeweza kuhamia kazi hiyo ni aliyekwishakuwa nchini humo kihalali, na kwa muda maalumu tu. Kwa wauguzi wenye sifa njia bado ipo, na ina masharti yake. Wakala wa Nairobi au Dar es Salaam anayepokea fedha leo akiahidi viza ya kutunza wazee Uingereza anauza nafasi ambayo haipo.